Usukani upi utakubali nyaya ulizonazo: wa asili, wa kupandishwa, wa krosi au wa chini?

Wengi wanaobadilisha usukani wa pikipiki huanza na sura yake: una urefu gani, umepanuka kiasi gani, utapendeza vipi juu ya tenki. Mimi nashauri uanze na nyaya. Waya wa klachi, waya wa mafuta na waya wa breki ya mbele ulikatwa kiwandani kwa ajili ya usukani mmoja tu, ule uliokuja na pikipiki. Kila sentimita unayouhamisha mkono wako kwenda juu, nyuma au pembeni inakatwa kwenye ulegevu wa nyaya hizo, na ulegevu wenyewe hauko mwingi. Kwa hiyo hapa nazilinganisha aina za usukani kwa kipimo hicho kwanza, halafu ndipo nije kwenye starehe ya mgongo na namna pikipiki inavyokata kona.

Ninazozisema hasa ni pikipiki zetu za kazi: Boxer, TVS HLX, na lile kundi kubwa la pikipiki za Kichina zilizotokana na Honda CG125. Zinafanana katika mambo ya msingi. Bomba la usukani lina kipenyo cha milimita 22, klachi inavutwa kwa waya, nyingi zina kabureta yenye waya mmoja wa mafuta, na nyingi zina breki ya ngoma mbele. Mwenye breki ya diski nitamfikia, maana kwake kuna jambo la ziada.

Pima kabla hujatoa hela

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Geuza usukani kushoto mpaka ukomo, kisha kulia mpaka ukomo, huku ukifuata kila waya kwa kidole kuanzia kwenye leva hadi unakoishia. Angalia mahali unapokaza zaidi, na mahali ulipofungwa. Mara nyingi ulegevu upo, ila umefichwa na kamba ya plastiki aliyoifunga mtu pembeni ya taa kubwa, au waya umepitishwa upande usio wake wa shingo ya fremu. Ukiufungua na kuurudisha njia yake, unapata sentimita mbili tatu bila kununua chochote.

Ukiwa dukani, omba nafasi ya kuuweka usukani mpya juu ya ule wa zamani, katikati kwa katikati, na upime umbali kati ya mahali leva ilipo sasa na mahali itakapokuwa. Ukipanda sentimita 5 na kurudi nyuma sentimita 3, leva imehama karibu sentimita 6. Usukani huohuo ukiwa mpana zaidi kwa sentimita 4 kila upande, imehama sentimita 7. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha waya unaoweza kukupungukia. Mara nyingi utahitaji pungufu ya hapo, kwa sababu leva haihami moja kwa moja kufuata njia ya waya.

Njia nyingine ninayoipenda haihitaji usukani mpya kabisa. Zima injini, legeza boliti nne za klempu zinazoshika usukani, toa vifuniko, uinue usukani na nyaya zake zote, kisha weka vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita 3 chini yake. Mwenzako aushike hapo, nawe ugeuze gurudumu la mbele kushoto na kulia. Utaona kwa macho yako waya upi unakaza kwanza. Kwa kawaida zitatofautiana: mmoja utakuwa bado umelegea wakati mwingine umeshanyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Kuna kosa moja linalofanyika vijiweni ambalo napenda kuliweka wazi. Waya ukionekana mfupi, fundi anakimbilia nati ya kurekebishia pale kwenye leva. Nati ile kazi yake ni kuondoa mchezo uliozidi, yaani ule mwendo mtupu wa leva kabla haijaanza kuvuta, waya wa ndani unapovutika kwa matumizi. Kinachopungua ukipandisha usukani ni ganda la nje, ule mrija ambamo waya wa ndani unapita. Ganda likikaza linavutwa kutoka kwenye kikalio chake, na likianza kutoka, linauvuta na waya wa ndani hata kama hujagusa leva wala mkono wa mafuta. Hakuna nati itakayolirefusha.

Matokeo yake hutegemea ni waya gani. Wa klachi ukikaza, klachi inabaki imeachiwa nusu, sahani zinateleza na kuungua, na utasikia injini inanguruma mlimani bila pikipiki kwenda. Wa breki ukikaza, breki inashika yenyewe kwenye kona. Wa mafuta ndio ninaouogopa kuliko wote: umegeuza usukani mpaka mwisho kupita kati ya daladala mbili, na injini inaongeza mbio bila mkono wako.

Kwa pikipiki nyingi za aina hii, leva ya klachi inatakiwa iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha, na mkono wa mafuta uwe na mchezo wa milimita 2 hadi 6. Usukani ukiwa katikati, kushoto au kulia, mchezo huo ubaki uleule. Ukipungua upande mmoja, usukani huo haujaukubali waya huo.

Wa asili mpya, au ule uliopinda ukanyooshwa?

Hapa nyaya hazina neno kwa upande wowote, kwa hiyo swali ni la chuma. Usukani uliopinda baada ya kuanguka hunyooshwa kwa bomba refu, wengine huupasha moto kwanza. Bei yake ni ndogo na unarudi barabarani siku hiyohiyo. Lakini chuma kilichopinda mahali pamoja kisha kikarudishwa kimeshachoka mahali pale, na mahali penyewe mara nyingi ni karibu na klempu, ambako uzito wote wa mikono yako unaegemea ukifunga breki. Wa alumini ndio usithubutu kabisa kuunyoosha, maana alumini huweza kupasuka ndani bila kuonyesha kitu nje.

Nasimama na usukani mpya wa aina ileile. Una faida nyingine ambayo watu hawaihesabu: vile vitundu vidogo vya kushikilia nyumba ya swichi na mkono wa mafuta vipo tayari mahali pake. Ukinunua usukani wa pikipiki nyingine, huenda vitundu vikawa havipo au vipo kwa pembe tofauti. Basi fundi atataka kukata kile kijino kilichomo ndani ya swichi ili ikae. Usikubali, hasa upande wa kulia. Bila kijino, nyumba nzima ya mkono wa mafuta inaweza kuzunguka juu ya bomba, na ikizunguka inauvuta waya. Afadhali kutoboa kitundu kipya kidogo, kilichopimwa, kuliko kukata kijino.

Vipandisho dhidi ya usukani mrefu zaidi

Huyu ndiye mteja wa kawaida: dereva wa bodaboda anayekaa juu ya kiti kutwa nzima, mabega yanauma, anataka mikono ipande. Ana njia mbili. Aweke vipandisho chini ya klempu, vile vipande vya chuma au alumini vinavyouinua usukani uleule, au anunue usukani uliokunjwa kwenda juu zaidi.

Vipandisho vinashinda kwa jambo moja kubwa: unajua kabisa umepanda kiasi gani. Kipandisho cha sentimita 2 kinakupandisha sentimita 2, hakikuongezei upana wala hakikurudishi nyuma, isipokuwa vile vilivyotengenezwa vikiwa vimelala kuelekea nyuma. Kwa pikipiki ambayo nyaya zake zimepitishwa vizuri, kupanda kidogo kiasi hicho mara nyingi kunapita bila kubadili waya hata mmoja. Swichi, leva na mipira ya mikono vinabaki palepale vilipo. Ukichukia, unavitoa jioni hiyohiyo.

Ubaya wake ni boliti. Kipandisho kinataka boliti ndefu zaidi, na wauzaji wengine huzitoa laini. Boliti iingie kwenye uzi wa kutosha, isishike kwa mizunguko miwili mitatu tu. Pia usipange vipandisho juu ya vipandisho; mnara wa vipande viwili au vitatu hucheza, na ukicheza usukani mzima unacheza.

Usukani mrefu unakupa zaidi ya kupanda. Unaweza kuchagua pembe inayokufaa kifundo cha mkono, na hilo kwa mtu mrefu ni jambo la maana. Lakini usukani mrefu karibu wote unarudi nyuma pia, na hapo ndipo hesabu ya waya inapoharibika, kwa sababu unalipa mara mbili. Ukirudi nyuma sana, dereva naye anasogea nyuma, abiria anabanwa, na mzigo uliozoea kuuweka juu ya tenki unakutana na mikono yako ukikata kona. Kwa wale wa Kenya wanaofunga mwavuli mkubwa juu ya pikipiki, nguzo ya mwavuli nayo iangaliwe kabla ya kuchagua urefu.

Kwa mgongo unaouma, mimi ningeanza na kipandisho cha sentimita 2 au 3, niendeshe wiki moja, ndipo niamue kama nahitaji zaidi. Wengi hugundua hawahitaji.

Wa krosi

Usukani wa krosi, kama ule wa Yamaha DT 125 au Honda XL 125 zilizotumika sana kwenye miradi vijijini, ni mpana, una pembe ndogo ya kurudi nyuma, na wengi una kile chuma cha kuunganisha pande mbili katikati. Kwenye barabara ya vumbi na mawe hakuna wa kuushinda. Upana unakupa nguvu ya kuushika usukani gurudumu la mbele linapopiga shimo, na ukisimama juu ya pedali mikono inakaa mahali pake.

Ukiuweka kwenye Boxer ya mjini, mambo hugeuka. Wa krosi wenye upana wa karibu sentimita 80 unagusa vioo vya magari kwenye foleni. Chuma cha katikati kinaweza kuziba spidomita au kukaa juu ya tundu la ufunguo. Kwa nyaya, waya wa klachi na wa mafuta ndio hupata shida zaidi, kwa sababu leva imesogea mbali na shingo ya fremu ambako nyaya zinakunjia. Waya wa breki ya ngoma nao una hesabu yake ya peke yake nitakayoieleza. Tena usisahau nyaya za umeme za swichi: zinaingia ndani ya taa kubwa, na zikivutwa hukatika taratibu ndani ya ganda lake. Leo honi inagoma ukigeuka kulia, kesho indiketa.

Nafuu ya usukani mpana ni kwamba unaweza kupunguzwa. Kukata sentimita 2 au 3 kila upande kwa msumeno wa chuma, sawasawa pande zote, hurudisha sehemu ya ulegevu uliopotea na kukupitisha kwenye foleni. Kabla ya kukata panga kwanza leva, swichi na mipira yote juu ya bomba uone kama nafasi iliyonyooka inatosha. Ukishakata huwezi kurudisha.

Anayeishi Lushoto au Mbinga, njia yake ya kila siku ikiwa ya mlima na makorongo, nampa wa krosi pamoja na nyaya ndefu mpya bila kusita. Anayefanya kazi Kariakoo, namwambia aache.

Wa chini

Watu hudhani usukani wa chini hauna tatizo la nyaya, maana nyaya zinazidi. Kuzidi ni tatizo pia. Waya uliozidi unafanya kitanzi mbele ya taa, kitanzi kinanasa kwenye shokapu au kwenye mzigo, na mahali ulipokunjwa kwa pembe kali waya wa ndani unasugua ganda. Mkono wa mafuta unaanza kuwa mzito, na siku moja ukiuachia haurudi. Ukichagua wa chini, pitisha upya kila waya kwa mikunjo mipana, na uachie mkono wa mafuta usukani ukiwa kila upande: lazima ujifunge wenyewe kwa mlio mmoja.

Kitu cha pili ni tenki. Geuza mpaka ukomo na uangalie kama leva au kidole gumba kinagusa tenki. Kikigusa, usukani huo haufai, na usikubali suluhisho la kuweka ukomo mpya unaopunguza mgeuko, kwa kuwa utashindwa kukata kona fupi. Kuna pia wanaoupindua usukani wa asili chini juu ili kupata mkao wa mashindano. Hauna gharama, lakini pembe za mikono hazikutengenezwa kwa mkao huo, na kwa mtu anayebeba abiria uzito wote unahamia kwenye viganja. Zile za vipande viwili zinazofungwa kwenye mabomba ya shokapu zina mahitaji makali zaidi ya kipenyo na nafasi. Kwa pikipiki ya biashara sioni sababu ya kuziwaza.

Bomba nene la milimita 28.6 katikati nalo huonekana madukani siku hizi. Ncha zake ni za milimita 22, kwa hiyo leva na swichi zinaingia. Klempu zako hazitalishika. Utahitaji klempu zake, na klempu hizo nyingi zinapandisha usukani, basi rudi kwenye hesabu ya vipandisho.

Waya ukipungua kweli: kuunga au kununua mrefu?

Kuunga waya wa ndani kwa kidonge cha skrubu kunakufikisha nyumbani ukikatikiwa njiani. Kwa waya wa klachi naweza kulivumilia hilo kwa siku moja. Kwa waya wa mafuta au wa breki, hapana. Tena kuunga hakutibu kitu, maana tumeshaona kwamba kilichopungua ni ganda.

Waya mrefu unaofaa una siri moja ya vipimo. Ukihitaji sentimita 6, ganda liongezeke sentimita 6 na waya wa ndani uongezeke sentimita 6 zilezile. Ile sehemu ya waya wa ndani inayojitokeza nje ya ganda ibaki na urefu wake wa awali. Ikiwa ndefu zaidi, leva italegea na nati haitafika; ikiwa fupi, haitaingia kabisa. Kwa hiyo nenda dukani na waya wa zamani mkononi, linganisha sehemu inayojitokeza, umbo la vidonge vya risasi kwenye ncha zote mbili, na uzi wa nati. Waya wa pikipiki nyingine yenye usukani mrefu mara nyingi unakubali. Kwa gharama, waya mpya ni kitu kidogo ukilinganisha na sahani za klachi zilizoungua.

Waya wa spidomita hausumbui. Unatoka gurudumu la mbele kwenda kwenye saa, na saa kwenye pikipiki nyingi imefungwa kwenye bamba linaloshika shokapu, wala si kwenye usukani.

Ngoma dhidi ya diski

Waya wa breki ya ngoma unashuka kutoka kwenye leva mpaka kwenye gurudumu, kwa hiyo urefu unaohitajika hubadilika shokapu zikifunguka. Usiupime pikipiki ikiwa imekaa chini tu. Inua gurudumu la mbele hadi lining'inie, ndipo ugeuze pande zote mbili. Waya uliotosha ukiwa umekaa unaweza kukaza ukiruka tuta.

Mpira wa breki ya diski unapimwa hivyohivyo, ila ukipungua kazi ni kubwa zaidi. Mpira haurefushwi, unanunuliwa mrefu, unafungwa na pete mpya za shaba, na mfumo mzima unatolewa upepo. Soma kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kile kilicho kwenye usukani, ni mafuta gani, DOT 3 au DOT 4, na funika tenki kwa kitambaa kwa sababu mafuta hayo hula rangi. Kikopo chenyewe kibaki karibu na usawa usukani ukiwa umenyooka. Usukani unaokilaza sana unaweza kuingiza hewa kwenye mfumo, na leva itakuwa laini kama sponji. Hii ndiyo sababu mwenye diski ana sababu zaidi ya kuchagua kipandisho kifupi kuliko mwenye ngoma.

Ukishafunga

Klempu nyingi zina alama ya nukta au mshale inayoelekea mbele. Kwa pikipiki nyingi za Honda na ndugu zake, kaza boliti za mbele kwanza mpaka zishike kabisa, kisha za nyuma, na nafasi ndogo ibaki upande wa nyuma. Washa injini ikiwa juu ya stendi, iache iungurume taratibu, geuza kushoto hadi ukomo, kulia hadi ukomo. Mlio ukipanda hata kidogo, zima na utafute waya. Bonyeza honi, washa indiketa na taa katika kila upande. Inua gurudumu la mbele urudie kwa breki. Endesha polepole kwenye uwanja, kata nane ndogo, ndipo utoke barabarani. Siku ya pili, kabla ya abiria wa kwanza, pitisha tena spana kwenye zile boliti nne, kwa sababu bomba jipya hujikalisha kwenye klempu baada ya mitetemo ya mwanzo.